Abdiqani Sugow Alio "Gantaal" (1951–1998): Mtu wa Roketi Yenye Kengele

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na binti yake, Sahra, Ijumaa tarehe 16 Januari 1998, nyumbani kwa marehemu, Bulla Iftin, Garissa.

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Tulimzika Jumanne jioni, haraka kama dini inavyotaka, na pale kaburini hakuna aliyesoma karatasi. Kwetu si desturi. Lakini watu wa soko la mifugo, pamoja na walimu wa shule ya msingi aliyokuwa akiitembelea, waliomba maisha yake yaandikwe, yapigwe chapa na yasomwe leo tunapomaliza taazia. Familia ilikubali. Wako waliosema ziandikwe habari za biashara na za ibada tu, lile jambo lingine liachwe. Lile jambo lingine ni roketi. Halitaachwa. Ukimtoa marehemu roketi yake, mtu anayebaki kwenye karatasi sisi watoto wake hatumjui.

Kitambulisho cha marehemu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1951, kama kinavyosema cha nusu ya watu waliokaa hapa. Mama yake, bibi yetu Kaaha, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka kila alipoonyeshwa. "Januari gani? Huyu alikuja na mvua ya masika. Ngamia walikuwa wameshiba, mwenye njaa nilikuwa mimi." Alizaliwa karibu na visima vya Modogashe, mtoto wa pili wa Mzee Sugow Alio, mfugaji. Alichunga mbuzi tangu alipoweza kushika fimbo, na hakuwa mchungaji hodari. Kaka yake mkubwa, ami yetu Adeer Duale, ambaye yuko nasi hapa, ametusimulia mara nyingi: "Nilimwambia, waryaa, angalia mbuzi. Akasema anaangalia. Kumbe anaangalia tai."

Mwaka 1960 aliletwa Garissa kwa mjomba wake asome. Alimaliza shule ya msingi, akaingia sekondari mwaka 1967, akamaliza 1970. Huko ndiko alikokutana na mwalimu wa sayansi, kijana wa Kimarekani aliyekuja kwa kujitolea, jina lake Walter. Walter alikuwa na roketi ya kuchezea aliyoijenga mwenyewe utotoni kwao. Mwili wake ni bomba la karatasi ngumu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kuanzia bega hadi kiganja. Pua ni ya mti mwepesi uliochongwa. Mkiani ina mapezi matatu. Chini yake huingizwa kijiinjini cha baruti kilichofungwa kiwandani, unene wa kidole gumba, nacho huwashwa kwa kubonyeza kitufe cha waya ukiwa umesimama mbali. Inapanda mpaka inakuwa kama nzi. Ikifika juu, pua inafunguka, mwavuli unatoka, inashuka polepole. Basi. Haina kazi nyingine.

Walter aliirusha kwenye uwanja wa shule mwaka 1969, akamtuma marehemu aifuate kwa sababu ndiye aliyekuwa na mbio. Aliikuta imenasa kwenye mgunga. Alituambia alipoishika ilikuwa bado na joto, kama yai lililotoka sasa hivi kwa kuku. Walter alipoondoka mwaka uliofuata alimwachia roketi, boksi lake na vijiinjini vilivyobaki. Marehemu alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na mahali pa kuirusha. Huku kwetu kulikuwa na sheria za hali ya hatari, na mtu aliulizwa alikotoka na alikokwenda akiwa na kuni tu kichwani. Kitu kinachopiga kelele na kuacha moshi angani, huko ni kujitafutia balaa. Aliifunga kwenye shuka, akaiweka chini ya kitanda, na chini ya kitanda ikakaa miaka zaidi ya ishirini. Sisi tulikua tukijua kwamba kuna boksi na haliguswi.

Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye soko la mifugo la hapa Garissa, kwanza akiwa dalali, baadaye mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi. Alikuwa akipeleka ng'ombe Nairobi kwa lori, akilala juu yao kwenye vyuma pamoja na wachungaji, hata alipokuwa na uwezo wa kukaa mbele na dereva. Wafanyabiashara wenzake wako hapa, wanajua jinsi alivyokuwa. Mnyama mgonjwa alimwita mgonjwa mbele ya mnunuzi, hata kama mwenye mnyama alikuwa shemeji yake. Kuna shemeji mmoja hapa anatikisa kichwa.

Mwaka 1974 alimwoa mama yetu, Maka, wa Rhamu, ambaye baba yake alikuwa na shamba la vitunguu kando ya mto Daua. Mama aliletwa Garissa na wiki hiyo hiyo akalikuta boksi wakati akifagia. Alidhani ni dawa za mganga. Akalitoa mpaka katikati ya chumba, akamngojea mumewe.

"Hii ni nini?"

"Roketi."

"Inafanya nini?"

"Inapanda, halafu inashuka."

"Kisha?"

"Basi."

Mama akalitazama boksi, akamtazama bwana harusi wake. "Mbuzi pia anapanda mti na kushuka," akasema. "Lakini mbuzi ana maziwa."

Maneno hayo yamesemwa nyumbani kwetu mpaka tumeyachoka, na kila yaliposemwa marehemu alicheka kama ndiyo kwanza anayasikia. Lakini Mama huyo huyo, Novemba 1980, siku za moto ule ambao wazee wanaujua na sina haja ya kuusimulia, alitoka nyumbani akiwa na mimi mgongoni na boksi kifuani. Vyombo vyake vyote viliungua. Alipoulizwa kwa nini hakuokoa sufuria, alijibu kwamba sufuria zinauzwa sokoni.

Mwisho wa mwaka 1991 sheria za hali ya hatari ziliondolewa. Watu walifurahi kwa namna nyingi. Marehemu alikwenda kununua waya na mawe ya tochi. Machi 1992, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, alisimamisha roketi yake kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya soko la mifugo. Vijiinjini vilikuwa vimezeeka. Cha kwanza kilikataa, cha pili kikatoa moshi kidogo kikanyamaza, na watu walikuwa wameshaanza kumtania. Cha tatu kikawaka. Ikapanda kweli kweli. Lakini mwavuli wake wa nailoni ulikuwa umeoza ukawa unga, kwa hiyo ilirudi ikiwa imetanguliza pua, ikavunjika pezi moja mbele ya soko zima. Siku ile ndipo alipopewa jina. "Gantaal! Gantaal!" yaani kombora. Mnajua Wasomali kwa majina ya utani: ukikataa jina, limekushika. Yeye hakukataa. Aliokota vipande, akawaambia, "Gantaal ndiye mimi. Njooni Ijumaa ijayo."

Hapo ndipo alipoanza kuitengeneza upya. Mti mwepesi kama ule wa Walter haupatikani huku, kwa hiyo alichonga mapezi mapya kutoka ubao wa sanduku la majani ya chai. Yakawa mazito. Mkia ukawa unaivuta, roketi ikawa inazunguka angani kama mbuzi mwenye kizunguzungu. Akajifunza kwamba mkia ukiongezwa uzito lazima na kichwa kiongezwe, akaweka udongo wa mfinyanzi puani. Mwavuli ulitokana na shaash ya Mama, kitambaa cha hariri anachofunga kichwani mwanamke aliyeolewa. Mama alidai hakuitoa, iliibwa. Vijiinjini vipya vilimfikia kwa mkono wa mhandisi wa visima wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, mteja wake wa mbuzi, aliyekuwa akitoka kwao likizo. Kufikia mwisho wa mwaka roketi ilikuwa inapanda moja kwa moja na kushuka kwa adabu, na kila Ijumaa soko lilikuwa na wageni.

Adeer Duale hakupenda. Nasema mbele yake kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Alimwambia ndugu yake kwamba mtu mwenye ndevu na watoto anajiaibisha na kuaibisha ukoo. Mtu mmoja akalipeleka suala msikitini, aulizwe sheikh kama ni haramu. Sheikh akauliza, "Inaua?" Wakasema hapana. "Inampitishia wakati wa swala?" Wakasema hapana, anairusha baada ya kuswali. "Basi mnataka nini kwangu?"

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alinyamaza kila alipofika.

Agosti 1993 alipeleka mbuzi Ifo. Wakati huo kambi ilikuwa imejaa ndugu zetu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Watoto walimzunguka, wakaona roketi kwenye lori, wakaomba. Yeye akaona ni jambo la kuwafurahisha. Akaisimamisha pembeni mwa kambi, akaiwasha. Ile sauti ilipotoka, foleni ya unga ilianguka chini yote. Kina mama walilala juu ya watoto wao. Wazee walijifunika vichwa kwa mikono. Roketi ilipanda, ikafungua mwavuli, ikashuka vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyeitazama.

Watu waliinuka mmoja mmoja, isipokuwa mama mmoja. Alibaki amemlalia mtoto wake muda mrefu baada ya wengine kusimama. Anaitwa Weris, na leo yuko upande huu wa kina mama, amekuja kutoka Ifo kwa barabara iliyokatika kwa mafuriko, na ameniruhusu niyaseme haya. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa marehemu. Hakupiga kelele.

"Waryaa, una watoto?"

"Ninao."

"Wanalala usiku?"

"Wanalala."

"Wangu ndiyo kwanza walikuwa wameanza."

Marehemu alirudi Garissa, akaliweka boksi chini ya kitanda. Ijumaa zilipita. Sokoni waliacha kumwita Gantaal kwa sababu walimwona uso. Adeer Duale alikuja, akakaa, akasema, "Sasa umeona. Itupe." Mimi nilikuwa naleta chai, kwa hiyo nilisikia jibu.

"Duale, nikiitupa, itakuwa kila kitu kinachopanda na moto ni cha wale wanaoua. Wamechukua nyumba za watu. Wachukue na mbingu?"

"Wewe na karatasi yako ndio mtawazuia?"

"Mimi na karatasi yangu."

Alikaa akiwaza miezi. Siku moja jioni mbuzi wetu walikuwa wanarudi, na yule mbuzi kiongozi alikuwa na kengele yake shingoni. Marehemu alisimama kwenye mlango wa boma, hakumpisha mbuzi wala mtu. Halafu akamfungua mbuzi kengele. Mama akamuuliza kama amerukwa na akili. Alikuwa ameingia chumbani tayari, anakwangua udongo kutoka kwenye pua ya roketi.

Alichofanya ni hiki. Kengele ile ya kiongozi ilikuwa nzito mno, kwa hiyo mahali pa udongo aliweka kengele ndogo ya bati, ya mtoto wa mbuzi, iliyokuwa na uzito ule ule. Aliifunga ndani ya shaash, kwa hiyo roketi ikipanda kengele iko kimya. Pua ikifunguka juu, shaash inatoka, kengele inaning'inia chini yake na inalia mpaka ardhini. Ikinasa mtini, upepo unailiza, na mwenye kuitafuta anaifuata kwa sikio, kama tunavyofuata mnyama aliyepotea. Alibadilisha mambo mengi kwenye roketi ile, lakini hili moja ndilo tunaloomba akumbukwe nalo.

Februari 1994 alirudi Ifo. Hakuirusha siku ya kwanza wala ya pili. Alizunguka hema kwa hema na roketi mkononi, akaitikisa, akawaeleza itafanya sauti gani na itarudi vipi. Alifika kwa Weris mwisho, kwa sababu, alisema, huko ndiko miguu ilikuwa mizito. Weris akaishika, akaitikisa.

"Hii si kengele ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

Akaitikisa tena karibu na sikio. "Kitu kinachokuja kuua hakivai kengele," akasema. "Chenye kengele kina kwao." Kisha akasema jambo ambalo marehemu hakulitegemea: "Waya nitabonyeza mimi. Nikibonyeza mimi, nitajua inaondoka lini."

Akabonyeza yeye. Watu walisimama. Baadhi yao walishikana mikono, wengine walifumba macho, lakini walisimama. Sauti ikapita, moshi ukapita, ukimya ukaingia. Halafu juu kabisa ikasikika kengele. Na mbuzi wa marehemu, waliokuwa wamefungiwa pembeni wakingoja wanunuzi, wakainua vichwa, wakavunja ua wa miiba, wakaanza kuifuata, wakiongozwa na kitu ambacho hawakioni. Kambi nzima ilicheka. Weris anasema alicheka mpaka akakaa chini, na mara hii alikaa kwa kupenda.

Baada ya hapo alikuwa akienda Ifo kila baada ya miezi michache, na katika shule za msingi za hapa mjini alikaribishwa. Hakuachwa hivi hivi. Mwaka 1995 ofisa mmoja, ambaye ameshahamishwa, aliichukua roketi akisema ni silaha. Marehemu hakugombana. Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye baraza la ofisi ile, amevaa kanzu safi, akiliza kengele nyingine ya mbuzi polepole. Akiambiwa anyamaze, anasema, "Samahani bwana, naita mnyama wangu aliyeingia humu." Mwishowe ofisa alimtolea roketi dirishani.

Kuugua kwake kulitokana na kazi yake. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka jana mmeziona wenyewe: mto uliingia mashambani, barabara zikakatika, na mifugo ikaanza kutupa mimba na kufa. Wengi walikaa mbali. Marehemu aliendelea kwenda sokoni na maboma ya watu, akiwashika wanyama kwa mikono yake, kwa sababu wenyewe walimwita na hakujua kukataa. Baadaye tuliambiwa ni homa ya Bonde la Ufa. Alipatwa na homa Jumatano tarehe 7 Januari, akiwa amefunga. Alilazwa hospitali ya hapa Garissa tarehe 10 alipoanza kutoka damu kwenye ufizi. Tunawashukuru wauguzi waliomsafisha bila kumwogopa. Jumatatu aliweza kusema kidogo. Aliuliza kama mapezi yamekauka, maana boksi lilikuwa limeingia maji. Nikamwambia yamekauka. Akauliza kama mjukuu wake analala vizuri. Nikasema analala. Akasema, "Basi."

Alifariki Jumanne tarehe 13 Januari 1998, kabla ya swala ya adhuhuri, katika mwezi wa Ramadhani, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, au kama Bibi Kaaha angesema, na masika arobaini na sita.

Ameacha mke, Maka. Watoto watatu, Sahra, Abdihafid na Ruweyda. Mjukuu, Keynan, ambaye mnamsikia akilia mgongoni mwangu. Kaka, Adeer Duale. Dada, shangazi yetu Eeddo Amino. Na wengi Garissa na Ifo ambao si damu yake lakini wamekaa mkekani nasi tangu Jumanne, bila hata chai ya kuwapa mpaka jua lizame.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo lililosemwa chini chini hapa tangu juzi. Adeer Duale aliomba roketi itupwe mtoni, ili marehemu akumbukwe kama mtu mzima. Hakusema kwa ubaya. Alisema akilia. Mama alimjibu kutoka ndani: "Mwaka huu mto umechukua vya kutosha."

Mwavuli wa zamani ulioza kwa mafuriko. Jumanne jioni Mama alivua shaash yake kichwani ili avae nguo nyeupe za eda. Hakuikunja akaiweka sandukuni. Jana aliishona ikawa mwavuli, akafunga kengele kwa mkono wake. Mama yuko edani, hatatoka, lakini ua wetu hauna dari.

Kijiinjini kimebaki kimoja. Tukimaliza dua, twendeni uwanjani nyuma ya soko, kabla ya futari. Weris atabonyeza waya. Adeer, kiti chako tumekiweka mbele, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekuja. Itapiga ile sauti yake, mnaijua. Asilale mtu chini. Simameni, mnyamaze, mngoje kengele.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdiqani Gantaal, alipanue kaburi lake na amwandikie mapumziko. Yeye amefika. Sisi bado tunarusha.